Wafugaji nyuki wa Slovenia hufanya nini theluji inapoanguka?

WAFUGAJI nyuki wa Tabora, Singida na Kigoma wanajua kwamba nyuki wao akikosa maua huhama na kutafuta msitu mwingine. Wenzao wa Slovenia, nchi ndogo iliyo kati ya milima ya Alpi na bahari ya Adria, wanafuga nyuki asiye na pa kuhamia.

Kuanzia Novemba hadi Februari, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, miti hupukutisha majani, ardhi hugandamana na theluji hufunika mabonde. Hakuna ua wala mbochi. Nyuki akitoka nje na kutua juu ya theluji, hufa kwa baridi kabla hajapata nguvu ya kuruka tena.

Kwa mtu asiyeijua kazi hiyo, msimu huo huonekana kuwa likizo ya mfugaji. Hakuna kurina asali, hakuna makundi ya kukamata, wala hakuna haja ya kuvaa kofia ya wavu. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo ndipo huamuliwa iwapo familia itakuwa na asali mwaka unaofuata, au itafungua masanduku yake mwezi Machi na kukuta nyuki wamekufa.

Nyuki wanaofugwa Slovenia ni wa spishi ile ile ya Apis mellifera inayofugwa Afrika Mashariki, ingawa ni wa nasaba tofauti. Ni nyuki wa Carniola, wenye rangi ya kijivujivu, wanaojulikana kwa upole wao na kwa uwezo wa kupita majira ya baridi wakiwa kundi dogo linalotumia chakula kidogo. Sheria za nchi hiyo zinamlinda nyuki huyo.

Slovenia ina watu takriban milioni 2.1, na miongoni mwao wafugaji nyuki ni zaidi ya 10,000. Hiyo ni sawa na mfugaji mmoja kwa kila watu 200 hivi. Walio wengi si makampuni, bali ni familia zenye mizinga michache au makumi machache nyuma ya nyumba, kazi ikirithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu.

Heshima wanayopewa nyuki hao imeingia hata katika lugha. Mnyama akifa, Waslovenia hutumia neno moja. Nyuki akifa, hutumia neno lile lile wanalolitumia kwa binadamu. Kwa Kiswahili ni kama kusema kwamba nyuki amefariki, si kwamba amekufa.

Ni nchi hiyo pia iliyoongoza juhudi za kuwa na Siku ya Nyuki Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2017. Siku hiyo huadhimishwa kila Mei 20 kwa kumbukumbu ya Anton Janša, Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1734 katika kijiji cha Breznica, akasomea uchoraji, kisha akawa mwalimu wa ufugaji nyuki mjini Vienna wakati wa utawala wa Maria Theresa. Mwaka 2022, Unesco iliuingiza ufugaji nyuki wa Slovenia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nyuki hujipashaje joto?

Ili kuielewa kazi ya mfugaji wakati wa baridi, ni lazima kwanza kufahamu kinachofanyika ndani ya mzinga. Watu wengi hudhani kwamba nyuki hulala usingizi mrefu kama wafanyavyo baadhi ya wanyama wa nchi za baridi. Si hivyo. Nyuki hukaa macho majira yote.

Hewa ya nje inaposhuka hadi karibu nyuzi 14 za Selsiasi, nyuki huanza kusogeleana na kujikusanya kati ya masega wakiwa kama mpira. Baridi inavyozidi, ndivyo mpira huo unavyokaza. Nyuki wa nje hugeuza vichwa ndani na kuwa kama blanketi, na wa ndani hutetemesha misuli ya mabawa bila kuyapiga. Mtetemo huo ndio unaozalisha joto.

Kuni za moto huo ni asali. Nyuki hula, hutetemeka, na joto hubaki katikati, ambako linaweza kuzidi nyuzi 20 hata wakati ambapo maji ya ndoo iliyo nje yameganda. Nyuki wa pembezoni hukaa kwenye nyuzi 10 hivi, kiwango ambacho kikipungua zaidi huwafanya wafe ganzi na kudondoka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nyuki hawapashi joto mzinga mzima. Wanapasha kundi lao tu, na nafasi iliyobaki ndani ya sanduku huwa na baridi inayokaribia ile ya nje.

Aidha, nyuki wa majira ya baridi si sawa na nyuki wa kiangazi. Kibarua aliyezaliwa Juni huishi wiki nne hadi sita, kisha hufa kwa uchovu wa kazi. Yule aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti au Septemba huweza kuishi miezi sita, kwa sababu mwilini mwake amehifadhi mafuta na protini nyingi. Malkia huacha kutaga wakati baridi inapoingia, na kundi lililokuwa na nyuki 40,000 au zaidi hupungua hadi 10,000 au 15,000.

Hao wachache ndio mbegu ya mwaka mpya. Wakifika Machi wakiwa hai na wenye nguvu, watalea kizazi kitakachoingia katika maua ya masika. Wakifa kabla ya hapo, hakuna mwingine wa kuwarithi.

Nyumba ya nyuki

Nchi nyingi hufuga nyuki katika masanduku yaliyotawanywa uwanjani. Waslovenia wengi bado hufugia ndani ya nyumba ndogo ya mbao, ambamo mizinga hupangwa safu juu ya safu kama makabati, milango ya nyuki ikielekea nje na ya mfugaji ikifunguka kwa ndani.

Mzinga unaotumika zaidi hujulikana kwa herufi AŽ, kwa heshima ya Anton Žnideršič, aliyeuboresha mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na mzinga wa Kijerumani. Fremu zake, zenye ukubwa wa sentimeta 41 kwa 26, huvutwa kutoka nyuma kama vitabu kutoka kwenye rafu, wakati mzinga mwingi wa kisasa hufunguliwa kwa juu.

Wakati wa baridi, faida ya mpangilio huo huonekana wazi. Mizinga iliyogusana huhifadhiana joto, paa huzuia theluji, na mfugaji hufanya kazi akiwa ndani ya chumba kikavu. Kati ya mlango wa nyuma na masega, hupachika godoro dogo au blanketi la kuzuia baridi.

Upande wa nje wa nyumba hizo ndio uliozifanya kuwa maarufu. Tangu karne ya 18, mbao za mbele za mizinga zilichorwa picha za watakatifu, wawindaji na hata mashetani wakinoa ulimi wa mwanamke msengenyaji. Ubao wa zamani zaidi unaojulikana una tarehe ya mwaka 1758. Mbali na kupamba, rangi mbalimbali humsaidia nyuki kutambua mlango wa kwao katika safu ya milango inayofanana.

Kazi ya kwanza: Kutowasumbua

Sheria kuu ya majira ya baridi ni kwamba mzinga haufunguliwi bila sababu. Kila unapofunguliwa, joto lililogharimu asali hutoweka, na nyuki hulazimika kula zaidi ili kulirudisha. Hata kugongagonga mbao karibu na mizinga, au kuruhusu matawi ya mti yapige paa wakati wa upepo, huwasumbua nyuki na kulegeza kundi lao.

Kwa hiyo mfugaji hujifunza kujua hali ya nyuki bila ya kuwaona. Njia ya kale kuliko zote ni kusikiliza. Huweka sikio kwenye mzinga, au huingiza mpira mwembamba kwenye mlango wake, kisha hugonga ubao taratibu kwa kidole. Kundi lenye afya hujibu kwa mvumo mfupi unaonyamaza mara moja. Mvumo mrefu wa kama kilio humtia shaka kwamba malkia hayupo. Kimya kabisa ni habari mbaya zaidi.

Njia ya pili ni kuchunguza takataka. Chini ya masega huwekwa trei nyembamba ambayo huvutwa bila kufungua mzinga. Juu ya trei hiyo huanguka unga wa nta kutoka katika vifuniko vya asali ambayo nyuki wameila, nao hujipanga kwa mistari iliyonyooka.

Mistari hiyo ni kama barua. Mistari mitano humaanisha kwamba kundi limeenea kati ya masega sita hivi. Mistari miwili huonyesha kundi dhaifu. Mahali ilipo huonyesha upande walipo nyuki. Vipande vya nyuki vilivyotafunwa huashiria kuwa panya ameingia, na utitiri waliodondoka huhesabiwa ili kujua ukubwa wa ugonjwa.

Njia ya tatu ni uzito. Wenye mizinga iliyotawanyika huinua kidogo upande wa nyuma kwa mkono ili kukadiria kilichomo. Katika nyumba ya nyuki, ambako mizinga haiinuliki, mfugaji huweka mzinga mmoja juu ya mizani na kuuchukulia kuwa mfano wa mingine. Siku hizi mizani nyingi hutuma takwimu kwenye simu ya mkononi, na mwenye nyuki huzisoma akiwa kazini mjini.

Akiba ya chakula

Katika maeneo hayo ya Ulaya ya kati, kundi moja huhitaji kilo 15 hadi 20 za chakula ili kuvuka baridi. Akiba hiyo hukamilishwa kabla ya mwisho wa Septemba. Mfugaji aliyerina asali yote na kuchelewa kuwalisha nyuki wake sharubati ya sukari, hawezi kulirekebisha kosa hilo Desemba, kwa sababu nyuki waliojikunyata hawawezi kukausha sharubati, na maji yake huongeza unyevu ndani ya mzinga.

Kinyume cha wanavyofikiri wengi, njaa haiui zaidi wakati wa baridi kali. Novemba na Desemba, malkia akiwa hatagi, kundi hula kilo moja hivi kwa mwezi. Hatari huja Februari na Machi. Siku zinapoanza kurefuka malkia hutaga tena, na majana huhitaji joto la nyuzi 34 au 35 usiku na mchana. Matumizi ya asali huongezeka maradufu na zaidi, ilhali nje maua bado ni haba.

Wapo pia nyuki wanaokufa njaa huku asali ikiwa sentimeta chache kutoka walipo. Baridi ikidumu siku nyingi mfululizo, kundi haliwezi kujifungua ili kuvuka kwenda sega la pili. Mfugaji hukuta kiganja cha nyuki waliokufa, vichwa vyao vikiwa ndani ya vijumba vitupu.

Tiba ya dharura ni donge la sukari ya unga iliyokandwa kwa asali kidogo hadi ikawa kama unga wa maandazi. Huwekwa moja kwa moja juu au nyuma ya kundi, mahali nyuki wanapoweza kulifikia bila kuondoka katika joto. Wataalamu husisitiza kwamba asali hiyo iwe ya manzuki ile ile, kwani asali ya kununua inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuoza kwa majana, ambavyo huishi kwa miongo kadhaa.

Panya, ndege na unyevu

Joto na harufu ya asali huwavutia wageni. Panya huingia kwenye mizinga mwanzoni mwa baridi, hujenga kiota katika kona, hutafuna masega na kuharibu kundi kwa mkojo na vurugu zake. Kinga yake ni kupunguza mlango kwa kipande cha bati au mbao, ubaki na uwazi wa milimita sita hadi nane: nyuki apite, fuvu la panya lisipite.

Ndege aina ya kigong'ota naye hugundua kwamba ndani ya mbao kuna nyama. Akizoea mahali, hutoboa sanduku na kula nyuki mmoja mmoja. Familia hutandaza wavu mbele ya mizinga, wakihakikisha kuwa haugusi mbao ili ndege asipate pa kushikia.

Hata hivyo, adui asiyeonekana kwa urahisi ni unyevu. Nyuki anapokula asali hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na kifuniko baridi hugeuka matone. Nyuki mkavu huweza kustahimili baridi kali, lakini aliyelowa hafiki asubuhi. Ndiyo maana mzinga huinamishwa kidogo mbele ili maji yatoke, na hewa huachwa ipite hata kama nje kuna barafu.

Theluji laini inayoziba mlango haiwasumbui nyuki, kwani hewa hupenya. Ikiyeyuka na kuganda tena kuwa barafu, huondolewa mara moja. Maiti za nyuki zilizorundikana mlangoni nazo huvutwa nje taratibu kwa waya uliopindwa.

Siku ya kujisaidia

Nyuki mwenye afya hajisaidii ndani ya mzinga. Huvumilia wiki nyingi, utumbo ukijaa, akisubiri siku yenye jua na joto linalofika nyuzi 10 au zaidi. Siku hiyo ikifika, mara nyingi Februari, maelfu hutoka kwa pamoja, huzunguka mbele ya nyumba yao na kuiacha theluji ikiwa na madoa ya kahawia na manjano.

Kwa familia, hiyo ni miongoni mwa siku muhimu za mwaka. Waliofua nguo huzianua. Mfugaji husimama na daftari, akiandika ni mizinga ipi nyuki wake wametoka kwa nguvu, ipi wametoka kwa unyonge na ipi haikutoa nyuki hata mmoja. Madoa mengi kwenye mbao za mlango au ndani ya mzinga humwambia kwamba kundi hilo linaharisha.

Baada ya siku hiyo, nyuki huanza kuleta chavua ya kwanza kutoka kwenye miti ya hazeli na vichaka vya erika, ambavyo huchanua theluji ikiwa haijaisha. Chavua ikionekana miguuni mwa nyuki, mfugaji hujua kwamba malkia yuko hai na majana yameanza kulelewa.

Vita dhidi ya utitiri

Kazi moja tu humlazimisha mfugaji kugusa makundi yake katikati ya baridi, nayo ni kupambana na utitiri aitwaye varoa. Mdudu huyo mwekundu, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, asili yake ni kwa nyuki wa Asia. Alihamia kwa nyuki wa Ulaya katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea katika sehemu kubwa ya bara hilo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba varoa hula hasa mafuta ya mwili wa nyuki, yale yale yanayomwezesha kuishi miezi sita. Aidha, hueneza virusi, vikiwamo vile vinavyolemaza mabawa. Kundi lililoshambuliwa Agosti huweza kuonekana zuri Oktoba, kisha likatoweka kabla ya mwaka mpya. Kwa maana hiyo, majira ya baridi hufichua makosa yaliyofanywa wakati wa kiangazi.

Varoa huzaana ndani ya vijumba vya majana vilivyofunikwa kwa nta, ambamo dawa nyingi haziingii. Desemba, malkia akiwa ameacha kutaga, hakuna majana ya kujifichia. Utitiri wote huwa juu ya miili ya nyuki wakubwa, na hapo ndipo mfugaji hupata nafasi asiyoipata wakati mwingine wowote wa mwaka.

Dawa inayotumika zaidi wakati huo ni asidi ya oksaliki, ambayo kwa asili hupatikana pia katika mboga kama mchicha wa Kizungu. Huchanganywa na sharubati na kudondoshwa kidogo kidogo kati ya masega, au hupashwa moto ikawa mvuke unaoenea ndani ya mzinga. Ikitumiwa ipasavyo wakati hakuna majana, huweza kuua zaidi ya asilimia 90 ya utitiri.

Si kazi ya kufanyiwa mzaha. Mvuke huo huunguza mapafu na macho, hivyo mtumiaji hulazimika kuvaa barakoa maalumu, miwani na glavu. Kipimo kikizidi au dawa ya kudondosha ikirudiwa, nyuki wenyewe hudhurika. Wazazi huwazuia watoto wasikaribie nyumba ya nyuki siku hiyo.

Karakana na soko

Siku nyingi za baridi, hata hivyo, hupita ndani ya karakana. Fremu zilizovunjika hugongelewa misumari, waya mpya hukazwa, na masanduku matupu huchomwa kwa mwale wa gesi ili kuua vijidudu. Fremu zenye masega mazuri huhifadhiwa mahali penye baridi, kwa kuwa baridi huua mayai ya nondo wa nta.

Masega meusi yaliyotumika miaka miwili au mitatu huyeyushwa kwa mvuke. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, hutenganishwa na uchafu, kisha humiminwa katika vyombo na kuganda kuwa matofali ya manjano. Sehemu hupelekwa kiwandani kubadilishwa kwa shiti zenye alama za vijumba, ambazo nyuki watazijenga kuwa masega mapya. Nyingine hutengenezwa mishumaa.

Mfugaji hathubutu kuitupa nta. Hukadiriwa kwamba nyuki hutumia kilo sita hadi nane za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta.

Asali nayo huwa imeganda ndoo kwa ndoo. Ili kuitia chupani, ndoo hupashwa joto taratibu lisilozidi nyuzi 40, kwani moto mkali huharibu harufu na vimeng'enya vyake. Asali ya msitu, ya mti wa linde na ya chesinati hutiwa katika chupa tofauti, kwa kuwa wanunuzi wa Slovenia huijua kila moja kwa ladha na rangi yake.

Desemba ndio mwezi wa soko. Mishumaa, asali, na mikate midogo ya asali iliyonakshiwa kwa mkono hununuliwa kwa ajili ya Krismasi, na kwa familia nyingi mapato hayo ndiyo yanayolipia sukari, dawa na mbao za mwaka unaofuata. Desemba 7 ni sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa wafugaji nyuki katika mapokeo ya Kikatoliki. Vyama vya vijiji navyo hutumia jioni ndefu za baridi kwa mihadhara, wazee wakikaa pamoja na vijana waliopata mzinga wao wa kwanza.

Watoto nao hawasahauliki. Ijumaa ya tatu ya Novemba, shule na chekechea kote nchini huandaa kifungua kinywa cha mkate, siagi, maziwa, tofaa na asali ya wafugaji wa karibu. Utaratibu huo ulianza mwaka 2007 kwa juhudi za wafugaji nyuki wenyewe, na mwaka 2011 ukawa wa kitaifa.

Baridi isiyo baridi

Jambo linalowatia wasiwasi wafugaji wa leo si theluji, bali kukosekana kwake. Majira ya baridi yamekuwa mafupi na yenye joto zaidi, na kwa mtazamo wa haraka hilo lingeonekana kuwa heri kwa nyuki. Hali halisi ni tofauti.

Desemba ikiwa na joto, malkia huendelea kutaga. Akiba ya asali huisha mapema. Nyuki waliopaswa kutunza mafuta yao hadi Machi huyatumia kulea majana, hivyo huzeeka kabla ya wakati. Zaidi ya yote, varoa hupata vijumba vya kuzaliana mwaka mzima, na ile nafasi ya kutibu wakati hakuna majana hutoweka. Baadhi ya wafugaji sasa humfungia malkia katika kizimba kidogo kwa wiki tatu na zaidi ili kulazimisha mapumziko ambayo zamani yaliletwa na baridi.

Joto la mapema huamsha pia maua kabla ya wakati, kisha baridi hurudi ghafla. Ndivyo ilivyotokea Aprili 2021, baridi ilipounguza maua ya miti katika nchi nyingi za Ulaya, na wafugaji wakalazimika kuwalisha nyuki sukari katika miezi ambayo kwa kawaida huvuna.

Hasara za aina hii si za Ulaya peke yake. Mapema mwaka 2025, wafugaji wakubwa wa Marekani waliripoti kwamba kwa wastani walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya makundi yao tangu Juni 2024. Watafiti wa serikali ya nchi hiyo walikuta virusi kwa wingi, pamoja na utitiri waliojenga usugu dhidi ya dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi.

Somo kwa Afrika Mashariki

Varoa alithibitishwa kuwapo Afrika Mashariki mwaka 2009. Kwa bahati njema, nyuki wa Kiafrika wameonyesha uwezo mkubwa wa kuishi naye bila dawa, na wataalamu wengi huonya kwamba kuanza kutumia kemikali bila sababu kunaweza kudhoofisha uwezo huo. Katika jambo hilo, mfugaji wa Tabora ana neema ambayo mwenzake wa Slovenia hana.

Pamoja na hayo, yapo mambo yanayofanana. Mfugaji anayerina sega la mwisho huku kiangazi kikianza, huwalazimisha nyuki wake kuuacha mzinga. Tofauti ni kwamba wa Tabora huhama, na pengine kundi jingine litaingia mvua zikirudi. Wa Slovenia hubaki walipo, wakitetemeka juu ya masega matupu, hadi wanapokwisha.

Ndiyo maana familia za huko huanza hesabu ya asali kwa fungu la nyuki, kisha ndipo huhesabu la kwao. Kilo 15 au 20 zinazobaki mzingani haziingii sokoni, hazina bei, na hazionekani katika mapato ya mwaka. Lakini bila hizo, mwaka unaofuata hakutakuwa na asali ya kuuza, wala nyuki wa kuitengeneza.